Njaa ya Kindi Imekwenda Wapi?

Shikamooni wazee wangu. Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Habari za jioni, mama zangu, kaka na dada zangu, na ninyi wanafunzi mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti. Sogeeni mbele, nafasi ya kukaa chini ipo.

Niliombwa kuzungumzia unene na kisukari, mambo ambayo hapa Dar es Salaam kila familia inayajua. Nikaomba niruhusiwe kuanzia mbali, kwa mnyama mdogo ambaye wengi wetu hatujawahi kumwona. Mnivumilie kidogo, maana bila yeye nitakayoyasema mwishoni hayatakuwa na mguu wa kusimamia.

Ni kindi wa ardhini mwenye mistari 13 mgongoni. Anaishi kwenye mbuga za nyasi za katikati ya Amerika ya Kaskazini, kuanzia Kanada hadi Texas. Majira ya baridi yakikaribia anaingia shimoni, anajikunja mpaka pua inagusa mkia, na humo anakaa kati ya miezi mitano na saba. Moyo uliokuwa ukipiga mara 200 na zaidi kwa dakika unashuka chini ya mapigo kumi. Joto la mwili linashuka hadi nyuzijoto nne au tano hivi. Ukimshika utadhani amekufa.

Lakini halali mfululizo. Kila baada ya wiki moja, mbili au tatu anaamka, na jinsi anavyoamka inastahili kutazamwa kwa karibu. Kati ya mabega yake kuna mafuta ya rangi ya kahawia ambayo kazi yake ni kuzalisha joto tu. Hayo ndiyo yanayoanza kuungua. Kifua na kichwa vinapata joto kwanza, sehemu ya nyuma ikiwa bado ya baridi. Kisha anaanza kutetemeka, pumzi zinaongezeka, moyo unashika kasi, na ndani ya saa mbili tatu mwili umerudi nyuzijoto 37. Anajinyoosha, anasafisha manyoya, anapanga upya nyasi za kiota chake. Anakaa macho siku moja au mbili, halafu anazama tena.

Sasa mfikirieni katika siku hizo. Yuko macho. Mwili wake una joto sawa na langu na lenu. Tumbo lina wiki kadhaa halijaona kitu. Akiba ya mafuta inakwenda kwa kasi, kwa sababu sehemu kubwa ya nguvu anayotumia msimu mzima huishia kwenye hizi siku chache za kuamka, wala si kwenye wiki za usingizi. Kwa hesabu yoyote ile angepaswa kuwa na njaa kali. Mwekee chakula mbele yake. Hana habari nacho. Majira ya joto yakirudi, kindi huyohuyo atakula kwa pupa mpaka aongeze uzito karibu nusu ya mwili wake au zaidi.

Njaa yake imekwenda wapi?

Najua wapo wanaojiuliza swali hili linamhusu nini mtu wa Temeke au wa Kimara. Linamhusu hivi. Sisi tumezoea kumwona mtu mnene tukasema hana nidhamu, mlafi, ameendekeza tumbo. Tunasema mtaani, tunasema kwenye harusi, na kibaya zaidi tunasema kwenye vyumba vya matibabu, mgonjwa akiwa amepanda mizani mbele za watu. Mimi ninafundisha jinsi mwili unavyofanya kazi, na nimekuja kuwaambia kwamba hukumu hiyo haina msingi. Njaa ni amri inayotolewa na ubongo. Inayoandika amri hiyo ni homoni. Na kindi ametuonyesha kwamba mwandiko huo unaweza kufutwa wote na kuandikwa upya, bila kindi mwenyewe kuamua lolote.

Tuanze na homoni yenyewe ya njaa. Mwaka 1999 watafiti wawili wa Japani, Masayasu Kojima na Kenji Kangawa, walitangaza kwamba wameipata, tena mahali ambapo wengi hawakutarajia: kwenye ukuta wa tumbo. Inaitwa grelini. Tumbo likikaa tupu, grelini inaongezeka kwenye damu. Ukishakula, inashuka. Inasafiri hadi sehemu ndogo iliyo chini ya ubongo inayoitwa haipothalamasi, na humo kuna seli za neva ambazo zikiamshwa, mtu anatafuta chakula. Seli hizo si za mchezo. Panya wa maabara aliyeshiba akiamshiwa seli hizo, anarudi kwenye chakula kana kwamba hajala siku nzima. Na mwaka 2005 ilionyeshwa kwamba ukiziua kwa panya mzima mwenye afya, anaacha kula, anakonda hadi kufa, chakula kikiwa mbele yake.

Wale waliofunga Ramadhani wanaijua tabia moja ya grelini hata kama hawajui jina lake. Siku za mwanzo, saa ile uliyozoea kunywa chai asubuhi, tumbo linadai. Ikifika saa sita mchana linadai tena, halafu baada ya muda kidogo linanyamaza, ingawa hujalipa kitu. Grelini hupanda kwa kufuata saa ambazo mwili umezoeshwa kula. Zile saa zikibadilika, baada ya siku kadhaa na yenyewe huanza kuhama. Mwezi ukiwa katikati, wengi wanakwambia mchana hawasikii njaa kama siku za kwanza. Tumbo ni tupu vilevile, na saa za mchana ni zilezile.

Homoni ya pili inatoka kwenye mafuta ya mwili yenyewe. Habari yake ni ndefu na mimi naipenda, kwa hiyo nitaieleza taratibu.

Mwaka 1949, katika maabara ya Jackson Laboratory iliyoko Bar Harbor, jimbo la Maine nchini Marekani, walizaliwa panya wadogo waliokuwa wanene kupita kiasi. Walikula bila kukoma. Baadaye ikapatikana aina nyingine ya panya, nao wanene vilevile. Mtafiti mmoja wa hapo, Douglas Coleman, akafanya jambo lililohitaji mikono mitulivu: alimshona panya mnene ubavuni kwa panya wa kawaida, ili damu ya huyu ipite kwa yule. Panya mnene wa aina ya kwanza akapunguza kula, akakonda. Yaani kulikuwa na kitu kwenye damu ya mwenzake ambacho yeye hakuwa nacho. Alipomshona panya wa aina ya pili kwa panya wa kawaida, aliyeacha kula ni yule wa kawaida, akafa kwa njaa. Huyu mnene alikuwa nacho kitu hicho, tena kingi, ila ubongo wake haukukisikia.

Kitu chenyewe kilipatikana mwaka 1994 na Jeffrey Friedman na wenzake katika Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York. Ndiyo leptini. Mafuta ya mwili huitoa, na kadiri mafuta yanavyokuwa mengi ndivyo leptini inavyokuwa nyingi. Ubongo ukiisikia unajua akiba ipo, unapunguza njaa.

Mwaka 1997 madaktari wa Cambridge, Uingereza, walieleza habari za watoto wawili, binamu, waliozaliwa bila uwezo wa kutengeneza leptini. Mmoja alikuwa na umri wa miaka minane na uzito wa kilo 86. Watoto hawa walizaliwa na uzito wa kawaida, halafu njaa ikawashika tangu uchanga na haikuwahi kuwaachia. Fikirini wazazi wao waliambiwa nini na majirani, na mtoto mwenyewe alifundishwa kujionaje. Kisha wakaanza kupewa sindano za leptini, kiasi kidogo tu kila siku. Njaa ikatulia. Mtoto aliyekuwa akilia akinyimwa chakula akaanza kula kama watoto wenzake, na uzito ukashuka. Hakuna aliyemfundisha nidhamu. Alipewa homoni aliyokuwa hana.

Watoto wa namna hiyo ni wachache mno duniani. Watu wengi wanene wana leptini tele, kwa sababu wana mafuta mengi, lakini ubongo umepunguza kuisikia. Ndiyo maana leptini haikuwa dawa ya unene wa kawaida, ingawa matumaini yalikuwa makubwa. Na hapa ndipo kindi anaporudi, kwa sababu yeye hulifanya jambo hilo kila mwaka, akiwa mzima wa afya.

Kabla ya baridi kindi ananenepa haraka. Mafuta yanaongezeka, leptini ingepaswa kumwambia basi, inatosha. Hasikii. Anaendelea kula mpaka kiwango fulani kifike. Kikifika, anaanza kupunguza kula yeye mwenyewe, wakati chakula bado kipo na baridi haijaingia. Ubongo uliokuwa kiziwi umebadilika wenyewe kwa wakati wake.

Na msidhani ni hali ya hewa inayomwambia. Katika miaka ya 1950 na 1960, watafiti wawili wa Kanada, Eric Pengelley na Kenneth Fisher, waliwaweka kindi wa aina nyingine, wale wa mgongo wa dhahabu, ndani ya chumba ambacho joto halikubadilika, mwanga haukubadilika, chakula na maji havikukosekana. Hakukuwa na theluji wala jua la kuwaonyesha majira. Kindi waliendelea vilevile: wananenepa, wanalala, wanaamka, wanakonda, wananenepa tena, mzunguko wa karibu mwaka mmoja. Saa iko ndani yao.

Jaribio lililofuata baadaye ndilo ningependa mlibebe kichwani mkitoka hapa. Nicholas Mrosovsky wa Chuo Kikuu cha Toronto aliuliza: je, kindi akiwa katika miezi ya kukonda, ukimnyima chakula kabisa akakonda kuliko kawaida, halafu ukamrudishia chakula, atakula mpaka wapi? Wengi wetu tungesema atakula mpaka arudi alikokuwa kabla ya kunyimwa. Haikuwa hivyo. Alikula mpaka akafika uzito ambao angekuwa nao siku ile kama asingenyimwa, yaani uzito ulio chini ya ule wa mwanzo, kisha akaendelea kukonda polepole pamoja na wenzake. Mwili ulikuwa na kiwango unachokilinda, na kiwango chenyewe kilikuwa kinashuka siku hadi siku kwa ratiba yake.

Mnajua tangi la maji lililowekwa juu ya nyumba na boya lake ndani. Maji yakipungua boya linashuka, bomba linafunguka. Yakifika kiwango, linafunga. Unaweza kuchota ndoo kumi, tangi litajaa palepale. Lakini fundi bomba akipinda mkono wa boya kuelekea chini, tangi hilohilo litajaa kidogo na kutulia. Kindi ana uwezo wa kupinda mkono huo kila mwaka, kwenda juu na kurudi chini. Mtu anayejinyima kula wiki tatu anachota ndoo tu. Mkono wa boya uko palepale, na mwili utahakikisha tangi linajaa. Nimewaona watu wengi wakilia kwa sababu kilo walizopunguza kwa taabu zimerudi, wakajiona dhaifu. Walikuwa wanashindana na boya.

Sasa tuje kwenye swali la njaa ya kindi shimoni. Jibu limepatikana karibuni. Mwaka 2024 maabara ya Elena Gracheva, katika Chuo Kikuu cha Yale huko Marekani, ilichapisha kazi iliyofanywa kwa kindi wa mistari 13 katika zile siku za kuamka. Walitazama kwanza kama grelini na leptini zinafanya kazi. Waligundua kwamba zile seli za haipothalamasi zinazopaswa kuisikia grelini zimepunguza usikivu, na leptini pia haisikiki kama kawaida. Mlango umefungwa pande zote mbili: sauti ya njaa haipiti, sauti ya shibe haipiti. Kisha wakagundua upungufu mwingine humohumo ndani ya haipothalamasi, upungufu wa homoni ya thairoidi. Wakaipeleka homoni hiyo moja kwa moja kwenye sehemu ile ya ubongo. Kindi akala. Ilikuwa katikati ya msimu wa kulala, na mnyama ambaye hakuwa na habari na chakula akakifuata na kukila.

Homoni ya thairoidi tunaifahamu kwa njia nyingine. Hutengenezwa na tezi iliyo mbele ya shingo, ile inayovimba mtu akipata rovu. Ndiyo sababu tunaambiwa tutumie chumvi yenye madini joto: homoni hiyo haiwezi kutengenezwa bila madini joto. Inatoka kwenye tezi ikiwa na chembe nne za madini joto, na ili ifanye kazi kwa nguvu ni lazima chembe moja iondolewe, zibaki tatu. Katika wanyama wa misimu, ubongo una seli zake maalumu zenye kimeng'enya cha kuiondoa chembe hiyo, na nyingine za kuiharibu homoni isifanye kazi. Kwa hiyo ubongo unaweza kuongeza au kupunguza homoni hii kwake wenyewe kwa kufuata majira. Ni ufundi wa hali ya juu, na umo ndani ya mnyama anayeenea kiganjani.

Madaktari na wauguzi mliomo humu mtaona mara moja jinsi jambo hili linavyolingana na wagonjwa wenu. Mtu ambaye tezi yake inafanya kazi kupita kiasi anakula sana. Anakula, na bado anakonda, moyo unamwenda mbio, mikono inatetemeka, joto linamsumbua hata Julai. Yule ambaye tezi yake imelegea, hamu ya kula mara nyingi hupungua, na bado uzito unapanda, ngozi inakauka, anachoka. Huyu wa pili ndiye tunayemwambia apunguze kula! Anaweza kuwa tayari anakula kidogo kuliko sisi wote.

Niseme na hili kwa uzito wake, kwa sababu linagusa maisha ya watu. Vipo vidonge vinavyouzwa mkononi na mitandaoni kwa ajili ya kupunguza mwili, na duniani imeshaonekana mara nyingi kwamba baadhi ya vidonge vya namna hiyo huwekwa homoni ya thairoidi ndani bila mnunuzi kuambiwa. Mtu asiye na ugonjwa wa tezi akimeza homoni hiyo anaweza kukonda, ni kweli. Anakonda pamoja na misuli yake, mifupa yake inapungua nguvu, na moyo unaweza kupoteza mpangilio wa mapigo. Mabinti zetu wananunua vitu hivi wakijiandaa na harusi. Mama zangu, ulizeni kilichomo. Kama muuzaji hajui, msimeze.

Kuhusu dubu nitapita haraka, ingawa ndiye maarufu zaidi. Dubu mkubwa wa Amerika ya Kaskazini anaweza kula kalori 20,000 kwa siku anapojiandaa na baridi, halafu anakaa miezi mitano na zaidi hali, hanywi, hakojoi, na dubu jike huzaa na kunyonyesha humohumo pangoni. Kinachotuhusu ni insulini, homoni ya kongosho. Akiwa amenenepa tayari kuingia pangoni, mwili wake bado unaitikia insulini vizuri. Akilala, seli za mafuta zinaacha kuiitikia, hali ambayo kwetu ndiyo njia ya kwenda kwenye kisukari cha aina ya pili. Majira ya joto yakirudi, anaitikia tena. Katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington, watafiti waliwapa dubu maji yenye asali katikati ya msimu wa kulala, kisha wakachukua majimaji ya damu yao na kuyaweka kwenye seli za mafuta maabara. Seli zilizokuwa zimelala zikaanza kuitikia insulini. Wamefikia kutaja protini nane kwenye damu zinazoelekea kuhusika. Ugonjwa ambao sisi tunauchukulia kama safari ya kwenda tu, dubu anakwenda na kurudi.

Sasa nisije nikawaacha na fikra kwamba haya ni mambo ya nchi za theluji. Vukeni bahari kidogo kusini mashariki mwa hapa, mfike Madagaska. Katika misitu mikavu ya magharibi ya kisiwa hicho anaishi lemuri mdogo mwenye mkia mnene, ndugu wa mbali wa hawa komba tunaowasikia usiku juu ya miembe. Mvua zikiwa nyingi anakula matunda na kuhifadhi mafuta mkiani, mpaka mkia unavimba. Kiangazi kikiingia anajipenyeza kwenye shimo la mti na kulala hadi miezi saba. Mwaka 2004 mtafiti wa Kijerumani, Kathrin Dausmann, pamoja na wenzake, walionyesha jambo lililowashangaza wengi: nje kuna joto la nyuzi 30 na zaidi, na mnyama bado amelala usingizi wa msimu. Kama shimo la mti ni jembamba na halizuii joto, mwili wake unapanda na kushuka pamoja na hewa, tofauti ya karibu nyuzi 20 kwa siku moja, naye wala haamki.

Kwa hiyo baridi si sharti. Kilichompeleka shimoni ni ukame, kukosekana kwa maji na matunda. Huyu ni mnyama wa joto, wa jamii ileile ya nyani, komba na binadamu, anayeweza kuizima njaa yake miezi saba. Yupo pia tenreki, mnyama mdogo wa hukohuko Madagaska anayefanana kidogo na kalunguyeye, anayeweza kupitisha msimu mzima chini ya ardhi bila hata zile siku za kuamka. Nikisoma habari zao najiuliza kwa nini tunaacha maswali haya yaulizwe na watu wa mbali. Popo tunao. Kalunguyeye tunao, na ndugu yake wa Ulaya hulala msimu mzima wa baridi. Kazi ya kuanzia haihitaji jengo la mabilioni: mizani, kipima joto, daftari, na mtu mvumilivu wa kumpima mnyama uzito na kiasi anachokula, wiki kwa wiki, masika mpaka kiangazi, mwaka mzima bila kuruka. Wanafunzi mliokaa hapa chini mbele yangu, nawatazama ninyi.

Nirudi kwetu. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Chicago kilichapisha jaribio la vijana 12 wenye afya. Waliruhusiwa kulala kwa muda wa saa nne tu kila usiku, kwa usiku mbili, na wakati mwingine walipewa saa kumi za kitandani. Waliponyimwa usingizi, leptini ilishuka kwa asilimia 18, grelini ikapanda kwa asilimia 28, na njaa waliyoisema wenyewe ikaongezeka, hasa hamu ya vyakula vitamu na vya wanga. Usiku mbili tu.

Sasa mtazameni mama wa Chanika au Mbagala anayefanya kazi mjini. Anaamka saa kumi alfajiri ili awahi daladala kabla ya foleni. Anarudi saa mbili au saa tatu usiku, anapika, anafua sare za watoto, anapata kitanda saa tano. Kesho hivyohivyo, na mwakani hivyohivyo. Damu yake inabeba amri ya kula wanga na sukari, na njiani kote, kituoni na nje ya geti la ofisi, kuna maandazi, chapati na soda. Halafu anafika kliniki, presha imepanda, anaambiwa kwa sauti kubwa kwamba anakula ovyo. Hakuna aliyemuuliza analala saa ngapi.

Sindano mpya za kupunguza uzito mnazozisikia zinatokana na ujuzi huuhuu. Zinaiga homoni ya utumbo inayotolewa baada ya kula, ambayo hutuliza njaa na kuchelewesha chakula tumboni. Hatua moja kubwa kuelekea dawa hizo ilitokana na sumu ya mjusi wa majangwa ya Marekani na Meksiko anayeitwa Gila, mjusi anayekula mara chache tu kwa mwaka. John Eng, mtafiti wa New York, aliieleza homoni iliyomo kwenye sumu hiyo, inayofanana na ile ya utumbo wetu, mwaka 1992, na dawa ya kwanza iliyotokana nayo ikaruhusiwa Marekani mwaka 2005 kwa wagonjwa wa kisukari. Ni dawa za kweli, zinahitaji daktari, na kwa wengi zinasaidia. Lakini mtu akiacha, sehemu kubwa ya uzito hurudi. Zinalishikilia boya kwa muda. Kuupinda mkono wake, kama kindi anavyofanya, bado hatujaweza, na ndiyo sababu watu wanaendelea kuchunguza vichwa vya kindi na damu za dubu.

Ombi langu ni kwa wauguzi na madaktari wa vituo vyetu. Mgonjwa mnene akiingia, mpimeni uzito mahali pa faragha. Muulizeni analala saa ngapi, na anaamka saa ngapi. Muulizeni njaa inamshika wakati gani wa siku, na ilianza kubadilika lini. Muulizeni dawa anazotumia, kwa sababu baadhi ya dawa za kifafa, za magonjwa ya akili, na steroidi huongeza njaa au uzito. Mshikeni shingo, muone kama tezi imevimba, na kama kipimo cha homoni kinapatikana, mpimeni. Haya yote yanaweza kufanyika ndani ya dakika kumi, kabla neno lolote kuhusu ugali halijatamkwa.

Asanteni kwa kunisikiliza. Maswali yaanzie kwa wale walioketi chini.